Pima Kwanza: Kuboresha Mfumo wa Hewa wa Injini ya Gari la Michezo

Wenye magari ya michezo wanapotaka kuongeza nguvu ya injini, mara nyingi huanzia kwenye mfumo wa kuingiza hewa, na sababu yake inaeleweka. Kazi yenyewe haihitaji kufungua injini, vifaa vinavyotakiwa ni bisibisi na spana chache, na mabadiliko husikika mara tu mguu unapokanyaga mafuta. Mimi pia nimeifanya kazi hii kwenye gari langu, lenye injini ya lita 3 isiyo na turbo (pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini), silinda zake 6 zikiwa zimepangwa kwa mstari mmoja, na ninaipenda kuliko kazi nyingine yoyote ya injini. Hata hivyo ninaamini kwamba wengi wetu huianza kinyumenyume: tunanunua bomba na chujio kwanza, kisha ndipo tunatafuta sababu ya kuamini kwamba gari limepata nguvu. Ninachokitetea hapa ni kupima kwanza hewa inazuiliwa kiasi gani, inazuiliwa wapi, na inaingia ikiwa na joto gani, kwa maana majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama kuna nguvu ya kutafutwa au hakuna.

Injini ya petroli yenye mipigo minne hujaza kila silinda mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Kwa hiyo injini ya lita 3 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, silinda zake zikijaa barabara, humeza lita 9,000 za hewa kila dakika, yaani lita 150 kila sekunde. Katika usawa wa bahari na joto la nyuzi 20, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takribani kilo 1.2, hivyo lita hizo 150 zina gramu 180. Petroli inayohitajika kuungua pamoja na hewa hiyo ni kama gramu 14 tu, kwa kuwa mchanganyiko unaotoa nguvu nyingi huwa karibu na sehemu 12.5 hadi 13 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta. Kuongeza gramu moja au mbili za petroli ni jambo dogo. Kompyuta ya gari huziacha nozeli za mafuta wazi kwa muda mrefu kidogo na mambo yakaisha. Kuongeza hewa ya kuzitosha gramu hizo ndiko kwenye kazi, maana katika injini isiyo na turbo hakuna pampu nyingine inayoisukuma hewa ndani. Pistoni inaposhuka huacha nafasi, na kinachoijaza nafasi hiyo ni presha ya anga peke yake, ambayo katika usawa wa bahari ni kilopaskali 101 hivi.

Ukomo huo ndio msingi wa hesabu yote. Ikiwa njia nzima ya hewa, kuanzia mdomo ulio nyuma ya bampa hadi ndani ya manifoldi (mirija inayoigawia kila silinda hewa yake), inapoteza kilopaskali 4 wakati injini inavuta kwa nguvu zake zote, basi hata njia isiyo na kizuizi chochote, ambayo hakuna fundi awezaye kuitengeneza, ingerudisha takribani asilimia 4 tu ya hewa. Tangazo linaloahidi ongezeko la asilimia 10 kwa gari la namna hiyo, kwa kubadilisha bomba na chujio peke yake, linaahidi kitu ambacho anga haina.

Kuijua hasara ya jumla ni rahisi katika magari yenye kihisi cha presha ndani ya manifoldi. Unachomeka kifaa cha kusomea kompyuta kwenye soketi ya uchunguzi, ile ambayo magari mapya yote yaliyouzwa Marekani yalilazimika kuwa nayo kuanzia mwaka 1996, kisha unafungua swichi bila kuwasha injini na kusoma presha. Hiyo ndiyo presha ya anga ya mahali ulipo, siku hiyo. Baada ya hapo, mahali panaporuhusu mwendo wa aina hiyo, kama vile uwanja wa mbio, unaingiza gia ya tatu, unakanyaga mafuta hadi mwisho, na unamwachia abiria kazi ya kurekodi presha pale mizunguko inapokaribia kilele. Kama kihisi kilisema 100 kabla ya injini kuwaka na sasa kinasema 96, hasara yako ni kilopaskali 4. Dereva asijaribu kufanya kazi zote mbili peke yake.

Kihisi hicho hakikuambii hasara iko wapi, na hapo ndipo ninapotumia manometa ya maji, chombo ninachokithamini kuliko vyote nilivyo navyo kwa kazi hii. Ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliokunjwa kwa umbo la herufi U, ukafungwa kwenye ubao wenye rula na kujazwa nusu kwa maji yaliyotiwa rangi. Ncha moja huachwa wazi ndani ya chumba cha abiria. Nyingine hupitishwa kwenye chupa tupu iliyozibwa vizuri, ili maji yakivutwa kupita kiasi yaishie humo na yasifike kwenye injini, halafu hupelekwa hadi kwenye tundu dogo lililotobolewa ubavuni mwa bomba la hewa. Tundu hilo liwe limenyooka na laini kabisa upande wa ndani, kwani kijipande cha plastiki kilichobaki kimesimama kwenye ukingo kinatosha kuudanganya usomaji wote. Madirisha yafungwe, kwa sababu upepo unaopita kwenye dirisha lililo wazi hubadilisha presha ya chumba. Injini inapovuta, maji hupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, na kila sentimita 10 za tofauti ni karibu kilopaskali 1 kamili.

Ukipima kabla ya chujio, baada ya chujio, na tena karibu na throto, yaani ule mlango wa duara unaofunguka unapokanyaga mafuta, kisha ukatoa usomaji mmoja katika mwingine, utajua kila sehemu inachukua kiasi gani. Kwenye gari langu maji yalionyesha tofauti ndogo sana kati ya pande mbili za chujio la karatasi, ilhali sehemu kubwa ya hasara ilikuwa imeshatokea kabla hewa haijalifikia chujio, kwenye mdomo mwembamba uliofichwa nyuma ya taa. Chujio la gharama kubwa lisingegusa hasara hiyo hata kidogo. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu chujio ndicho kitu cha kwanza kuuzwa na cha kwanza kusifiwa, na katika magari mengi ya kisasa watengenezaji wamelipatia eneo kubwa la karatasi iliyokunjwakunjwa, kiasi kwamba likiwa safi halizuii hewa kwa kiwango cha kuhangaisha.

Mdomo na kona ndizo zinazostahili kutazamwa kwa makini. Lita 150 kwa sekunde zikipita katika bomba lenye kipenyo cha milimita 75, hewa hiyo inakwenda mita 34 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 120 kwa saa, na hewa yenye mwendo huo haikubali kugeuzwa ghafla bila kutoza gharama. Bomba lililokatwa kwa msumeno na kuachwa likichomoza ndani ya sanduku huifanya hewa ijitenge na ukuta mara tu inapoingia, na ikabaki ikizungukazunguka pembeni huku njia halisi ikiwa imebana. Upotevu wa hapo hufikia asilimia 80 au zaidi ya presha inayotokana na mwendo wa hewa, ambayo kwa mita 34 kwa sekunde ni paskali 700 hivi. Ukingo uleule ukikunjwa kwa nje kama mdomo wa tarumbeta, upotevu hushuka hadi chini ya asilimia 5. Hiyo ni zaidi ya nusu kilopaskali iliyookolewa kwa umbo la ukingo pekee, bila kuongeza kipenyo wala kubadilisha chujio.

Kona nazo zina hesabu yake. Kona ya nyuzi 90 iliyokunjwa kwa upole hula sehemu ndogo ya presha hiyo ya mwendo, ilhali kona iliyounganishwa kwa vipande viwili vilivyokatwa kwa pembe kali huweza kula yote. Mpira wenye mikunjo mingi, ule unaowekwa ili bomba liweze kucheza pamoja na injini, una kazi yake na usiondolewe wote, lakini urefu wake unaweza kupunguzwa. Bandu bandu huisha gogo: mdomo, kona mbili na mpira wa mikunjo, kila kimoja kikirudisha kiasi chake kidogo, kwa pamoja vinaweza kuleta kilopaskali 1 au 2 ambazo bomba linalong'aa lenye mdomo mbaya lisingezileta.

Hasara hizi zote hukua kwa kipeo cha pili cha mtiririko, maana yake hewa ikiongezeka maradufu hasara huwa mara nne. Ndiyo maana kizuizi kinachoonekana wazi kwenye mizunguko 6,500 hakionekani kabisa kwenye mizunguko 2,500, na ndiyo maana mtu anayedai kwamba chujio jipya limemwongezea nguvu akiwa kwenye foleni za mjini anaeleza kitu kingine, mara nyingi sauti.

Sasa nije kwenye joto, ambalo kwa maoni yangu ndilo jambo lililopuuzwa kuliko yote. Uzito wa hewa hupungua kadiri inavyopata joto, na katika hali za kawaida kila nyuzi 3 zinazoongezeka huondoa takribani asilimia 1 ya uzito wake. Hewa ya nyuzi 57 ina upungufu wa asilimia 9 ikilinganishwa na hewa ya nyuzi 27 yenye presha ileile. Linganisha namba hiyo na asilimia 4 tulizozitaja kuwa ndiyo hasara yote ya presha katika mfano wetu, nawe utaona kwamba mtu anayeng'oa sanduku la kiwandani na kufunga chujio la wazi chini ya boneti, juu ya egzosti na nyuma ya rejeta, anaweza kurudisha kilopaskali 2 kwa mkono mmoja na kupoteza mara tatu ya hizo kwa mkono wa pili.

Wala hasara haiishii kwenye uzito wa hewa. Kihisi cha joto la hewa kinapoiarifu kompyuta kwamba hewa inayoingia ni ya moto, kompyuta hurudisha nyuma taimingi ya plagi, yaani huchelewesha cheche, ili injini isigonge, kwani mchanganyiko ulioingia ukiwa na joto huwa mwepesi zaidi kulipuka kabla ya wakati. Kila nyuzi ya taimingi inayorudishwa ni nguvu inayokwenda kwenye egzosti badala ya kwenye magurudumu. Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha chochote, rekodi joto la hewa inayoingia katika hali tatu: gari likitembea kwa mwendo wa barabara kuu, likiwa limesimama huku injini ikiwaka, na pale unapoondoka tena baada ya kusimama. Katika mfumo mzuri joto hilo hukaa nyuzi chache tu juu ya joto la nje gari linapotembea, na likipanda wakati wa kusimama hushuka upesi mara gari linapoondoka. Kama linabaki juu, kazi yako ya kwanza ni kulipatia chujio chumba chake kilichofungwa pande zote na kinachopokea hewa ya nje, hata kama kipimo cha presha hakitabadilika.

Watu wengi huuliza kama bomba la alumini lina ubaya kwa sababu hushika moto. Hewa inayokwenda mita 34 kwa sekunde hupita kwenye bomba la mita moja kwa sekunde 0.03, muda ambao ni mfupi mno kwa ukuta wa bomba kuipasha joto la maana. Tofauti huonekana kwenye mwendo mdogo, pale hewa inapokuwa kidogo na ya polepole, na hapo plastiki ina faida. Mimi nimechagua plastiki kwa sababu hiyo na kwa sababu ni nyepesi, lakini sitamlaumu mwenye alumini kama hewa yake inatoka nje ya boneti.

Majaribio ya mashine ya kupimia nguvu yana mtego wake hapohapo. Gari likifungwa kwenye mashine huku boneti ikiwa wazi na feni kubwa ikipuliza mbele, chujio la wazi hupata hewa ya baridi ambayo halitaipata barabarani. Matokeo ya jaribio hilo ni ya kweli kwa gari lenye boneti wazi. Ukienda kupima, omba boneti ifungwe katika majaribio yote, kabla na baada, na uhakikishe joto la hewa inayoingia limeandikwa kando ya kila matokeo.

Kuhusu midomo inayotazama mbele ili mwendo wa gari uisukume hewa ndani, niseme kwa ufupi kwamba kwenye kilomita 100 kwa saa presha yote inayopatikana kwa njia hiyo, bila upotevu wowote, haifiki nusu kilopaskali. Kwenye kilomita 200 kwa saa hukaribia kilopaskali 2. Faida halisi ya mdomo wa mbele ni kwamba unachukua hewa isiyopashwa moto na rejeta, na hiyo inatosha kuwa sababu ya kuufunga.

Chujio lenyewe lina kazi ambayo wapenzi wa mwendo huisahau, nayo ni kuzuia vumbi. Chembe zenye ukubwa wa mikroni 10 hadi 20, ambazo jicho halizioni moja moja, zinatosha kuingia kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda na kuvikwangua vyote viwili. Kuna kipimo cha kimataifa, ISO 5011, kinachoeleza jinsi ya kupima kizuizi cha chujio, kiasi cha vumbi linaloweza kubeba na kiasi linachoachia kupita, na mtengenezaji anayeheshimu wateja wake hutoa namba zote tatu. Namba ya kizuizi ikitolewa peke yake, ninaliacha chujio hilo dukani. Yako machujio ya pamba yaliyopakwa mafuta, yako ya sponji, na yako ya nyuzi kavu za kutengenezwa, na yote yanaweza kuwa mazuri. Yale ya mafuta yanadai mkono mwepesi wakati wa kuyapaka, kwa sababu mafuta yaliyozidi husafiri na hewa hadi kwenye kihisi.

Muhimu kuliko aina ya chujio ni jinsi lilivyokaa. Lifungue sanduku baada ya kulitumia kwa muda na upitishe kitambaa cheupe upande wa ndani, ule wa hewa safi, ukifuata ukingo ambamo mpira wa chujio hukandamizwa. Mstari mwembamba wa vumbi unaoanzia kwenye ukingo na kuelekea kwenye bomba ni ushahidi kwamba hewa inapita kando ya chujio badala ya kupita ndani yake. Mstari huo nimeuona kwenye masanduku ya kutengenezwa yenye sura nzuri sana kwa nje, ambayo kifuniko chake kilipinda kidogo kwa joto na kuacha mwanya ambao karatasi nyembamba ingepita.

Kihisi cha kupima hewa ndicho kinachowashinda wengi. Katika magari yenye kihisi cha waya wa moto, waya huo hupozwa na hewa inayopita, na kompyuta hupima umeme unaohitajika kuudumisha kwenye joto lake, kisha inakisia hewa yote iliyopita bombani. Waya hupima sehemu ndogo tu ya mtiririko, na kompyuta hujazia iliyobaki kwa kuamini kwamba kipenyo cha bomba ni kilekile cha kiwandani. Ukikihamishia kihisi hicho kutoka bomba la milimita 75 hadi la milimita 80, eneo limeongezeka kwa takribani asilimia 14, mwendo wa hewa kwenye waya umepungua, na kompyuta inasoma hewa pungufu kuliko iliyopo. Inapunguza mafuta, na mchanganyiko unakuwa mwepesi kuliko inavyotakiwa. Kwenye mwendo wa kawaida kihisi cha oksijeni hugundua na kurekebisha, lakini ukikanyaga mafuta hadi mwisho magari mengi huacha kusikiliza marekebisho ya papo hapo na kufuata jedwali, na huo ndio wakati ambao mchanganyiko mwepesi unaweza kuchoma pistoni. Basi sehemu ya bomba inayobeba kihisi ibaki na kipenyo cha kiwandani, iwe na kipande kilichonyooka kabla yake, na ule wavu unaonyoosha hewa usitolewe, isipokuwa kama umekwisha kupanga na fundi mwenye ujuzi wa kuiandikia kompyuta programu mpya.

Upande wa ndani wa throto kuna jambo la kupendeza zaidi, ingawa si kazi ya bisibisi na spana. Hewa kwenye mirija ya manifoldi haitembei kwa utulivu. Kila valvu inapofunguka na kufungwa, wimbi la presha hukimbia ndani ya mrija kwa mwendo wa sauti, mita 340 hivi kwa sekunde, hugonga mwisho ulio wazi na kurudi. Likirudi valvu ikiwa bado wazi, husukuma ndani hewa ya ziada, na ndivyo injini isiyo na turbo inavyoweza kujaza silinda kupita asilimia 100 ya ujazo wake. Mrija mrefu huleta msaada huo kwenye mizunguko ya chini, mfupi kwenye mizunguko ya juu. Chrysler waliuonyesha umma jambo hili mwaka 1960 kwa gari la 300F, ambalo mirija yake ilikuwa na urefu wa sentimita 76 hivi na kabureta zake zilikaa pembeni mwa injini, kila moja ikilisha silinda za upande wa pili. Kwa waliotaka nguvu ya mizunguko ya juu walitengeneza manifoldi iliyofanana nayo kwa nje, lakini kuta za ndani zikiwa zimefupishwa. Mazda walikwenda mbali zaidi kwa 787B, gari lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991, ambalo mirija yake ya hewa ilirefuka na kufupika yenyewe kulingana na mizunguko ya injini.

Ninaikumbusha historia hiyo kwa sababu inaonyesha gharama ya kuigusa manifoldi bila hesabu. Anayekata mirija ili "hewa ipite kwa urahisi" anauhamisha msaada wa wimbi kutoka mizunguko anayoitumia kila siku kwenda mizunguko ambayo huenda injini yake haifiki kabisa. BMW walipotengeneza M3 CSL ya mwaka 2003, yenye sanduku maarufu la hewa la nyuzi za kaboni, waliliweka pamoja na kemshafti (mihimili inayofungua valvu) nyingine na kompyuta iliyoacha kihisi cha waya na kutumia presha ya manifoldi, na nguvu ikapanda kutoka farasi 343 hadi 360. Sanduku peke yake, likifungwa juu ya injini ya kawaida bila programu yake, ni nusu ya kazi.

Kwenye injini ya turbo hesabu hubadilika kidogo. Kompyuta huamua presha inayotakiwa kwenye manifoldi, na turbo huongeza bidii kufidia kizuizi kilicho mbele yake. Ikiwa presha inayotakiwa ni kilopaskali 200, turbo inayopokea hewa ya kilopaskali 96 lazima iibane zaidi kuliko inayopokea ya 100, na kila kubana kwa ziada ni joto. Kwa hiyo kufungua njia kabla ya turbo huleta hewa yenye joto pungufu na shinikizo dogo kwenye egzosti, wakati presha inayosomeka kwenye geji inabaki ileile. Baada ya hapo intakula, yaani kipozeo cha hewa iliyobanwa na turbo, ndiyo inayoamua, na kwa magari mengi ya aina hii ningeitazama hiyo kabla ya chujio.

Maji ni hatari ya kweli kwa mabomba yanayoshuka hadi chini ya bampa. Maji hayabanwi, yakiingia kwenye silinda pistoni inapopanda, kinachopinda ni konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki. Chujio likae juu ya kiwango ambacho gari linaweza kuzama kwenye dimbwi, na sanduku liwe na tundu la kutolea maji sehemu yake ya chini kabisa, upande wa hewa chafu.

Sauti nayo ni sababu halali. Vile vichumba vilivyofumba ubavuni mwa bomba la kiwandani viliwekwa kumeza miungurumo ya masafa fulani, wala havizuii hewa kwa kiasi cha maana, na kuviondoa huirudisha sauti ambayo injini ya silinda 6 inaitoa kwa uzuri wa pekee kuanzia mizunguko 4,000. Nimeviondoa kwa ajili hiyo tu, na ninafurahia kila ninapopanda gia.

Kazi ikishakamilika, ninakaza klipu zote, kisha ninasoma marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani kiasi ambacho kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza mafuta, baada ya gari kutembea vya kutosha. Yakiwa ndani ya asilimia 5 juu au chini ya sifuri, kihisi kinaona hewa kama kinavyopaswa. Yakipanda sana wakati injini imetulia na kushuka mizunguko inapoongezeka, kuna mahali hewa inaingia baada ya kihisi, aghalabu kwenye mpira wa mikunjo au bomba dogo la mvuke wa injini, na kompyuta isipoangaliwa itatoa msimbo P0171, ule wa mchanganyiko wenye mafuta pungufu. Nikimaliza hapo, ninarudia kipimo cha presha na cha joto katika hali zilezile za mwanzo. Kwenye gari langu kizuizi kikubwa kilichobaki sasa ni throto yenyewe, lakini usomaji wa pande zake mbili unatofautiana kidogo mno hata mizunguko ikiwa kileleni, kwa hiyo kubwa zaidi ingebadilisha tu hisia ya mguu kwenye pedali, na nimeamua kuiacha ya kiwandani ibaki.